Mzee wa Mafaili na Mdogo Wangu Idi

Wenzangu wa ofisini wakimkumbuka Mzee wa Mafaili hutaja kwanza miwani yake, ambayo mkono wake mmoja ulishikiliwa kwa uzi wa kushonea. Mimi nakumbuka jinsi alivyokuwa akimwita mdogo wangu "mwanangu". Alilitamka polepole, kwa lafudhi ya Unguja, kana kwamba neno hilo lilikuwa limekaa bure siku zote likimsubiri yeye. Nami nilikuwa nimesimama hapo hapo na sinia la chai, mimi niliyemfuta Idi kamasi, nikingoja mtu aniambie vikombe niviweke wapi.

Alizaliwa wapi na babake alikuwa nani, sijui. Sikumuuliza, na kama angeniambia mwenyewe ningeona anajisifu. Nitasema niliyoyaona, na msomaji ajue mapema kwamba aliyeyaona hakuwa na jicho safi.

Ofisi yetu ilikuwa Al Qusais, upande wa maghala, juu ya duka la matairi. Wenzangu walitengeneza programu za skrini za foleni, zile zinazowekwa zahanati na benki zikuambie namba yako imefika, dirisha fulani, karibu. Skrini zilisema Kiarabu, Kiingereza, Kiurdu na lugha nyingine kadiri mteja alivyotaka. Mimi nilikuwa mtu wa chai na usafi. Mzee alikuwa mtu wa mafaili, na kazi hiyo, kusema kweli, hakuna aliyemwonea wivu isipokuwa mimi, na wangu haukuwa wivu wa kazi.

Nieleze kazi yenyewe kama nilivyomsikia akiwaeleza wageni mara nyingi. Maneno yanayotokea kwenye skrini hayakai ndani ya programu. Kila lugha ina faili lake la maneno, na siku ya kujenga programu kompyuta huyakusanya mafaili yote na kuyafunga pamoja, kama mizigo ya watu mbalimbali inavyofungwa katika sanduku moja la kusafirisha nyumbani. Sasa, kompyuta haijui herufi. Inajua namba tu, na ina jedwali linaloiambia namba hii ni herufi ile. Mfasiri wetu wa Kiarabu alikuwa na kompyuta ya zamani yenye jedwali lake la zamani. Wa Kiurdu alitumia jedwali jipya. Ukisoma faili la huyu kwa jedwali la yule, maneno mazuri yanageuka vijiti, nukta na vialama visivyo na maana. Ofisini tuliviita mchwa. Na kuna mafaili yaliyokuwa mabaya zaidi, mistari ya juu imeandikwa kwa jedwali moja, ya chini imebandikwa na mtu mwingine kwa jedwali jingine. Hayo Mzee aliyaita watoto wa mitara.

Hakufungua faili lolote kabla ya kujua limetoka kwa nani. Alimpigia mfasiri simu, na simu yake haikuanza na kazi. Ilianza na hali, ikaenda kwa watoto, ikapita kwa joto la Kairo au la Karachi, ndipo ikafika: "Na hii kompyuta unayoandikia, ni ile ile au umebadilisha?" Meneja, ambaye wote tulimwita sir, alikuwa akisimama mlangoni anagongagonga saa yake.

"Yalla, Mzee. Mteja anasubiri."

"Faili halina kosa, bwana. Lina kwao. Niache niulize kwao."

"Si ufungue tu uone?"

"Nikilifungua bila kulijua, nikahifadhi, nimeliua. Wewe utakuja mazikoni?"

Hakuwa anatia chumvi. Alikuwa na msemo wake: mchwa ni ugonjwa, alama ya kuuliza ni kaburi. Maana yake ni kwamba maneno yaliyogeuka vijiti bado yapo, namba zake ni zile zile, ukipata jedwali lake yanarudi. Lakini ukiyahifadhi kwa jedwali lisilokuwa na herufi hizo, kompyuta inaweka alama ya kuuliza mahali pa kila herufi, na hapo hakuna tena cha kurudisha. Niliwahi kumwona akitazama skrini iliyojaa alama za kuuliza, kazi ya fundi fulani aliyekuwa ameacha kazi. Alivua miwani akasema, "Inna lillahi." Hakuwa anatania.

Alikuwa na desturi nyingine, ya kusomesha. Faili likishatengenezwa, hakuliamini kwa macho. Alimtafuta mwenye lugha, popote alipo ndani ya jengo, akamsimamisha nyuma ya kiti chake asome kwa sauti. Mlinzi wa chini, Mpakistani, alipanda kusoma Kiurdu huku kofia iko kwapani. Dereva wa jirani alisoma Kifarsi. Mzee hakujua Kiurdu wala Kifarsi. Alifumba macho akasikiliza, na msomaji akisitasita tu, hata kwa kikohozi, alisema, "Hapo. Rudia hapo." Mlinzi yule alimpenda kupita kiasi. Alisema hakuna ofisi nyingine Dubai ambako mtu aliwahi kumwomba asome kitu.

Na mimi aliniita mara moja. Zahanati moja ilitaka Kiswahili kiongezwe, kwa ajili ya Watanzania na Wakenya waliokuwa wakienda kupimwa afya za viza. Nilikausha mikono kwenye aproni nikaja kusimama nyuma ya kiti. Shule niliiacha darasa la sita, lakini kusoma nilikuwa nasoma vizuri. Nilisoma: tafadhali subiri zamu yako, tafadhali nenda dirisha linalofuata, asante kwa uvumilivu wako. Nilisoma kwa madaha. Nilipogeuka nikakuta Mzee ameshaanza faili jingine.

"Hukusikiliza," nikamwambia.

"Nimesikia, bibie. Kiswahili hakinisumbui. Herufi zake ziko sawa katika kila jedwali, la zamani na jipya. Hata ukilifungua ovyo, linafunguka."

"Kwa hiyo uliniitia nini?"

"Heshima."

Nilirudi jikoni. Nimetoka katika nyumba ya watoto wanne, mimi wa kwanza, na wazazi walipofariki, mama kwanza na baba baada yake, watu wa kwetu Kondoa walikuja wakawaangalia wadogo zangu mmoja mmoja, nani analia, nani ana homa, nani hajala. Mimi walisema, huyu yuko sawa. Kwa hiyo niliijua heshima hiyo.

Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningepumzika. Alikuwa mtu wa kinyume na mwenyewe. Alihubiri subira kutwa, lakini kwenye foleni ya lifti alipenya mbele ya wajawazito. Alisema sukari ni sumu, akanitaka nimletee chai isiyo na sukari, kisha akafungua droo na kutoa kopo lake la maziwa mazito yenye sukari kuliko sukari yenyewe. Aliweza kugundua nukta moja iliyohama katika maneno mengi ya lugha asiyoijua, na bado ujumbe wa watoto wake mwenyewe ulikaa kwenye simu haujafunguliwa. Walikuwa watu wazima, wako Ulaya na Kanada. Wanjiku wa mapokezi, Mkenya, mdomo wake haukuwa na pazia, alimuuliza siku moja mbele yetu.

"Mzee, hao watoto si unawajibu?"

"Wananiandikia Kiingereza, binti. Kifupi kifupi. Najibu kesho."

"Na kesho si ilikuwa jana?"

Wote walicheka, naye akacheka, lakini simu aliigeuza uso chini.

Idi nilimleta mimi. Hili nataka lieleweke. Nilimsomesha kwa mikono yangu mpaka akapata diploma ya kompyuta, nikamwita Dubai kwa viza ya matembezi, kisha nikamwendea Mzee wakati anakunywa maziwa yake ya siri, maana saa hiyo hakuweza kukataa kitu.

"Nina mdogo wangu. Amesoma kompyuta."

"Anajua nini?"

"Anajua kusikia anachoambiwa."

"Huyo mlete," alisema. Akamsemea kwa sir, kafeel, yaani mdhamini wetu, akatoa viza, na Idi akapewa kiti pembeni ya kiti cha Mzee. Nilishukuru. Nilimshukuru Mungu na nikamshukuru Mzee, nikampikia sambusa. Miezi haikupita mingi, Idi akaacha kuweka sukari kwenye chai.

Ni jambo dogo. Lakini nilimjua Idi tangu anakunywa uji kwa vijiko vitatu vya sukari nilivyoviiba kwenye biashara yangu ya vitumbua. Baada ya chai ikaja lugha. Akaanza kusema skuli badala ya shule. Akaanza kuapa "wallahi" kwa kuvuta, kama amezaliwa Malindi ya Unguja. Tulipanga chumba kimoja, tumegawa kwa pazia, na tukikaa kula ilikuwa Mzee kasema hivi, Mzee kafanya vile. Nilimpikia makande, akala, akasema, "Mzee anasema kwao wanatia nazi."

"Kwao," nikamwambia, "na wewe kwenu wapi?"

Alicheka, akadhani natania.

Wanjiku aliliona kabla sijalisema. "Zuu, unaibiwa mchana peupe," aliniambia tukiosha vikombe, "na ni wewe unawapelekea chai."

Ikaja siku ya kosa. Mzee alikuwa ameenda Ijumaa ya kwanza ya Shaaban kwa jamaa zake na kuunganisha na siku mbili za likizo. Sir akamwambia Idi mafaili yote yatiwe kwenye jedwali jipya mara moja, khalas, yaishe, mteja anataka. Idi akaandika amri moja inayosema: chukua kila faili, lisome kwa jedwali la zamani, liandike kwa jipya. Akabonyeza. Kosa lake, nilivyoelewa baadaye, ni kwamba zaidi ya nusu ya mafaili yalikuwa tayari kwenye jedwali jipya. Amri ile ikayachukua maneno mazima ikayasoma kama mabovu na kuyabadilisha tena. Mchwa wakapanda juu ya mchwa. Programu ikajengwa, ikapelekwa, na asubuhi zahanati tatu zikaamka na skrini za vijiti. Watu wamekaa na namba mkononi hawajui waende dirisha gani. Kiingereza kilikuwa kizima, na Kiswahili kilikuwa kizima. Vingine vingi vilikwenda.

Sir alipiga kelele hadi duka la matairi wakasimamisha kazi. Alisema Idi atarudishwa kwao. Nilikuwa nimeshika deki. Nilijipanga niende nimwangukie sir miguuni, maneno nilikuwa nayo tayari, ndipo Mzee akaingia, amekatiza likizo, kanzu imejaa vumbi la safari. Alitazama skrini. Kisha akamwita Idi punda. Alimwita punda kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, wote wasikie, na mimi damu ilinipanda, nikaweka deki chini.

Akamgeukia sir. "Amri niliiacha mimi," akasema. "Nilimwambia akipata nafasi ayabadilishe, sikumwambia yapi. Kosa la kwanza ni langu."

Ulikuwa uongo. Tuliujua sote, na sir aliujua. Lakini sir hakuwa na mtu mwingine wa kuyarudisha mafaili yale, kwa hiyo akakubali kudanganywa.

Mzee akavuta kiti. "Njoo, mwanangu. Tazama. Kuna alama ya kuuliza hata moja?"

"Hakuna."

"Basi wote wako hai. Nguo ya mwisho kuvaliwa ndiyo ya kwanza kuvuliwa. Ulifanya nini mwisho?"

Wakaanza kuvua. Amri ile ile waliigeuza kinyume, faili moja moja, si yote kwa pamoja, na kila moja Idi alilazimika kusema limetoka kwa nani kabla ya kuligusa. Mlinzi akapandishwa kusoma. Dereva wa jirani akaitwa. Kufika adhuhuri ofisi ilikuwa kama madrasa, kila mtu na lugha yake nyuma ya kiti, na katikati yake vichwa viwili vimeinama pamoja, cheupe na cheusi. Idi alikuwa anacheka. Kijana aliyekuwa afukuzwe asubuhi, alikuwa anacheka! Nilipita na chai mara mbili. Hakuinua macho.

Mdogo wangu aliokolewa siku ile, na mimi nilikuwa na uchungu. Nilimwombea dua Mzee kwenye swala ya magharibi, na katikati ya dua nikajikuta namuuliza Mungu kwa nini hakunipa mimi nafasi ya kumwokoa, nilikuwa nimeshaweka deki chini.

Sikukuu iliyofuata nilimnunulia Idi viatu. Mzee naye alimnunulia viatu. Vyangu alivivaa kazini kila siku mpaka vikaisha soli. Vya Mzee alivivaa Idi peke yake, yaani sikukuu ya Idi, kisha akavifuta na kuvirudisha kwenye boksi. Amueni wenyewe nani alipendwa. Mimi nimeshaamua mara nyingi, na kila mara najipa jibu tofauti.

Macho ya Mzee yalipoanza kufunga ukungu, aliacha kazi akahamia Hatta, kwenye shamba la shemeji yake, huko milimani. Idi akapewa kiti chake. Nilidhani sasa mambo yatatulia. Lakini Idi akaja na habari ya msichana. Wazazi wake watu wa Unguja, wamekaa Sharjah miaka mingi. Nilifurahi, nikaanza kufikiria khanga za kupeleka na maneno ya kusema siku ya posa. Maneno hayo nilikuwa nayo tangu akiwa mtoto mgongoni.

"Dada," akasema, anaangalia sahani, "nimemwomba Mzee anisemee."

"Akusemee nini?"

"Posa. Wale watataka mwanamume mtu mzima, anayejua desturi zao."

"Na mimi?"

"Wewe utakuwepo."

"Kuwepo, Idi? Hata mlango huwepo."

Alisukuma sahani. Akasema taratibu, "Mzee bado hajakubali. Anasema mpaka azungumze na wewe."

Ndivyo nilivyokwenda Hatta, Ijumaa, Idi akiendesha gari la kukodi. Njiani niliandaa maneno kichwani: baba yake Idi alikufa, nafasi yake niliikalia mimi, na sijasimama. Tulipofika Idi alisema anakwenda kujaza mafuta, akaniacha getini. Alijua anachofanya.

Mzee alikuwa amekaa barazani kwenye kivuli cha paa, amekonda, koti juu ya kanzu ingawa jua lilikuwa kali. Alinitambua kwa sauti. Nilimpa salamu, akaniuliza hali, akauliza ya Wanjiku, ya mlinzi, ya joto la Al Qusais. Nilijua hiyo simu yake ilivyo, haianzi na kazi, kwa hiyo nilimkatiza.

"Mzee, nimekuja kukwambia usikubali."

"Nilijua," alisema. "Nami nilitaka nikwambie sitaki."

"Basi tumemaliza."

"Hatujamaliza, bibie, kwa sababu ningekuwa nakudanganya. Nataka. Wallahi nataka. Nina watoto watatu, wameoa na kuolewa, mimi nikaletewa picha tu. Hakuna aliyeniomba nimsemee hata kwa jirani." Alipapasa kopo lake mezani, akaliacha. "Unajua miaka yote ile nilikuwa nashindana na wewe?"

"Na mimi?"

"Nikimfundisha kitu, ananiambia, dada yangu hufanya hivi hivi. Nikimwambia usibadilishe yote kwa pamoja, jaribu moja kwanza, ananiambia, dada alikuwa akikaanga kitumbua kimoja kwanza kabla ya kumaliza unga. Kila nilichotaka awe amekipata kwangu, kilikuwa kimeshatangulia. Siku ile ya kosa nilimwita mwanangu mbele yako makusudi. Nilitaka usikie."

"Nilisikia."

"Ulichukia?"

"Sana."

"Nilifurahi," alisema, na wala hakuona haya.

Nilimtazama. Ningeweza kumkatalia, Idi asingevunja neno langu, na Mzee angebaki pale barazani na koti lake. Na watu wa Sharjah wangemuuliza mdogo wangu, huyu dada peke yake, hamna mtu mzima? Nilivuta kiti nikakaa, naye akageuza kichwa kuifuata sauti.

"Wakiuliza kijana huyu ni wa nani," nikasema, "utasema ni wa nani?"

"Wewe niambie."

"Sema ni wa Zuhura wa Kondoa, ndiye aliyemlea. Lianze hilo. Ukishalisema, mengine yote sema unavyojua wewe."

"Na nikisahau?"

"Nitakuwa nimekaa pembeni yako. Hutasahau."

"Khalas," alisema Mzee, akafuta macho yale yasiyoona vizuri kwa ukingo wa mkono wa koti, akasingizia vumbi.

Honi ikalia getini. Ilikuwa ya Idi, anaipiga mara mbili fupi. Tuliinuka wote wawili kwa pamoja. Yeye alikuwa na fimbo na mimi nina miguu mizima, lakini nilimwona anaharakisha, anapapasa ukuta, kwa hiyo nami nikaongeza mwendo, na nikawa wa kwanza kufika.